Mkono wa Kugeuza Mochi

Otaru, 29 Mei 1989

Mdogo wangu Tamotsu,

Theluji ya mwisho huku kwetu imeyeyuka wiki mbili zilizopita, na mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua asubuhi. Kiwandani bado wananipa kazi ya kupima samaki. Ya kuwakata siiwezi, na sababu unaijua. Nadhani huko mashamba ya mpunga yameshajazwa maji. Msalimie wifi Kinue na binti yenu Yaeko, ambao nawajua kwa majina tu kutoka kwenye kadi zako za Mwaka Mpya.

Kadi moja kwa mwaka ndiyo desturi yetu, kwa hiyo barua hii itakushtua. Kaa chini uisome.

Mwezi huu tulisafiri wanawake ishirini na wawili wa kiwandani kwenda kuona daraja jipya la Seto. Siku ya tatu binti anayetuongoza, mwenye kibendera cha manjano, akatangaza ndani ya basi: "Mama zangu, tunasimama Saijo dakika ishirini! Kuna duka la mochi la kienyeji, keki za mchele wa kutwanga, la tangu enzi za mababu!" Nikajiambia duka la mochi Saijo si moja. Basi likakata kona penye mfereji, nikaliona paa letu.

Nilitaka kubaki kitini. Bi Hatsue, jirani yangu na mwenzangu wa kiwandani, akanivuta: "Teremka, Fumie. Unabaki humu upige soga na usukani?" Nikajifunga kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, nikateremka.

Baba alikuwa mbele ya duka, macho meupe, hawezi kuona hata mlango. Kadi zako zote zilisema "Baba hajambo." Alikuwa akimwekea kila mteja mochi kiganjani, zile za Mei zilizofungwa kwa jani la mwiba wa mlimani. Mmoja wetu akamuuliza, "Babu, na jani linaliwa?" Akajibu, "Ukiwa mbuzi, linaliwa." Wote wakacheka. Mimi mzaha huo nimeusikia tangu sijaota meno.

Ikafika zamu yangu. Nikatoa mkono wa kulia bila kufikiri. Akaweka mochi, na mkono hakuuachia. Kiganja kimoja chini, kingine juu, mpaka wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Mteja wa mbali huyu, ana mikono ya baridi." Akaniongezea mochi ya pili, akaita anayefuata. Hakunijua, Tamotsu. Mwanawe wa kwanza.

Nilizila nje, nikiwa nimesimama. Kunde za ndani zilikuwa zilezile, tamu kwa kiasi. Lakini mochi yenyewe haikuwa na uhai, na nikajua kwa nini, maana nyuma ya pazia mashine ilikuwa inanguruma. Na kile kinu cha jiwe cha bibi yetu nimekikuta uani, kimejaa maji, na samaki wa dhahabu ndani. Wenzangu wakakipiga picha.

Nataka majibu. Kwa nini umemfanya kipofu kuwa kibao cha duka? Kwa nini kinu kimekuwa bwawa? Na kwa nini wewe, niliyekusikia ukikohoa nyuma ya pazia, hukutoka?

Dadako,
Fumie


Saijo, 20 Juni 1989

Dada Fumie,

Mvua za Juni zimeanza na kila kitu ndani kinaota ukungu, mpaka viatu. Sisi ni wazima. Yaeko ameingia chuo cha uuguzi. Magoti yangu yamechoka. Baba hajambo.

Barua yako imefika. Kumbe yule mwanamke aliyejifunika uso ndiye wewe. Kinue aliniambia kuna mtalii mmoja wa ajabu, amekula akiwa amekipa kinu mgongo, kisha akaacha majani juu ya ukuta wetu. Unaingia nyumbani kwenu kama mwizi, unakagua, unaondoka, halafu unadai majibu kwa barua! Mtu anayetaka kuonwa hajifungi kitambaa hadi kwenye nyusi.

Baba anakaa mbele kwa sababu anataka. Jaribu wewe kumtoa uone atakavyokutukana.

Kinu kilipasuka. Ndiyo maana kiko uani.

Ama mashine, ningefanyaje? Mtu mmoja hawezi kutwanga na kugeuza. Nilimwomba Kinue ageuze, akaficha mikono nyuma. Niliwaomba majirani, kila mmoja akakumbuka ana safari. Mtaa mzima unajua kilichoupata mkono wa mwisho uliogeuza mochi katika nyumba hii. Kwa hiyo nikanunua mashine. Mashine haina vidole.

Juu ya siku ile usiniandikie. Sitajibu.

Tamotsu


Otaru, 3 Julai 1989

Tamotsu,

Hongera kwa Yaeko, na pole ya magoti. Huku ni kiangazi, tunapumua kidogo. Salamu zimekwisha.

Njia ya mwongo fupi. Kinu kilichopasuka hakishiki maji, bwana, na samaki wako nimewaona wanaogelea. Kama umeweza kunidanganya juu ya jiwe, juu ya Baba umenidanganya mangapi?

Nitaandika juu ya siku ile hata usipojibu. Tarehe 28 Desemba 1958. Mochi za Mwaka Mpya za nusu ya mji zilikuwa zinatungoja. Baba upande wa kulia, wewe wa kushoto, mmepokezana ile michi yenye vichwa kama nyundo, mmoja anashusha mwingine anainua, na mimi nimechuchumaa katikati. Nalowesha mkono, mpigaji anaita, naingiza, nageuza, natoa. Nilifanya hivyo miaka tisa bila mkwaruzo. Halafu mara moja tu sikusikia wito, nikasikia mfupa. Nilipoinua macho, mchi uliokuwa juu ya mkono wangu ulikuwa wako.

Wewe ulikuwa na miaka ishirini, unapenda kutwanga haraka ili wasichana wa mfereji wakutazame. Kwa hilo vidole vyangu viwili vilipona vikiwa vimepinda. Familia ya mchumba wangu ilituma mtu kuja kusema, kwa adabu nyingi, kwamba nyumba yenye mashamba haiwezi kuoa mkono mmoja. Nikaenda mahali palipo mbali kuliko pote ambapo treni inafika.

Na wewe hukusema samahani. Hata mara moja! Ulisimama pale umeinamisha kichwa, na Baba naye kimya. Kwa Baba nilijua sababu. Wewe ni mrithi, na mrithi hatukanwi mbele ya watu. Duka lilibaki na mchi, likatupa mkono.

Barua hii msomee Baba. Yote. Kisha aseme neno moja, lolote, nawe uliandike.

Fumie


Saijo, 12 Agosti 1989 (kadi)

Dada,

Joto limezidi. Kesho tunawasha taa za kuwakaribisha wazee wetu waliotangulia. Baba amepungukiwa hamu ya kula kwa sababu ya joto.

Barua yako sikumsomea wala sitamsomea. Mwache mzee apumzike.

Tamotsu


Saijo, 19 Oktoba 1989

Dada Fumie,

Mpunga umevunwa na asubuhi zimeanza kuwa baridi. Natumaini uko salama.

Baba alifariki tarehe 27 Agosti, alfajiri, nyumbani. Siku ya arobaini na tisa ilikuwa Jumamosi iliyopita, tukapeleka hekaluni mochi arobaini na tisa ndogo na ile kubwa ya kufunika. Shughuli zote zimekwisha sawasawa.

Imebaki moja. Mwaka huu siku ya kwanza ya Nyoka ya Desemba, kwa ile kalenda ya wanyama, ni Jumatatu tarehe 11. Ni lazima Baba afanyiwe Mwaka Mpya wake wa marehemu, la sivyo atabaki hana mwaka wa kuingia. Hujasahau jinsi inavyokwenda: mochi ya kinu kimoja, ingawa sasa ni ya mashine, moto wa majani ya mpunga pale kaburini, na watoto wa marehemu wawili wanaovuta mochi hiyo wamepeana migongo. Tumezaliwa wawili. Mke hawezi kuvuta, mjukuu hawezi.

Sikuombi. Nakuarifu.

Tamotsu


Otaru, 2 Novemba 1989

Ochi Tamotsu,

Sikusalimu.

Siku hamsini na tatu! Nilikuwa napima samaki, nacheka na Bi Hatsue, nanunua viazi, na Baba yuko chini ya udongo. Nilikuwa nimeandaa nguo nyeusi, ipo sandukuni mwaka wa sita sasa, nimeipiga pasi kila masika. Ungepiga simu kiwandani. Namba imeandikwa kwenye kila kadi niliyokuletea. Hata mbwa wa jirani akifa mtu hugonga mlango.

Nilikuomba neno lake moja ukaninyima. Sasa neno hilo halipo popote duniani.

Na leo unaniita, kwa kuwa umekwama. Mlipohitaji mkono wa kugeuza mlinijua, mnapohitaji mkono wa kuvuta mnanijua. Hapo katikati nilikuwa maiti. Vuta na mashine yako, ina nguvu.

Ukitaka nije, sharti ni moja. Andika kwa mkono wako, kwa wino, utie muhuri wako: mimi ndiye niliyempiga dada yangu. Hakuna "bahati mbaya" wala "sote tulikosea". Bila hivyo, Baba akae bila mwaka, na dhambi hiyo iwe juu yako.

Fumie


Saijo, 18 Novemba 1989

Dada Fumie,

Mipersimoni imezaa mwaka huu mpaka matawi yameinama. Kinue anakusalimu.

Mimi, Ochi Tamotsu, tarehe 28 Desemba 1958, ndiye niliyeupiga mkono wa dada yangu Fumie. Muhuri wangu ni huo hapo chini.

Umepata ulichotaka. Panda treni.

Jambo moja zaidi, na silisemi ili kukufurahisha. Baba alikujua. Basi lenu lilipoondoka aliingia nyuma ya pazia akaniambia nizime mashine. Akasema, "Vidole vimepona vibaya." Basi. Jioni ile hakula. Kesho yake akaniambia niwatoe samaki kinuni. Sikuwatoa. Ndiyo maana sikutoka pia nilipoisikia sauti yako, maana nami nilikujua ulipomwambia mwenzako, "Jani haliliwi." Ningetoka nikuambie nini?

Tamotsu


Otaru, 16 Desemba 1989

Mdogo wangu Tamotsu,

Nimefika salama. Theluji imefika dirishani, na paka wa Bi Hatsue alikuwa amelala mlangoni kwangu siku zote nilizokuwa kwenu. Mwambie Kinue zile persimoni zimefika bila kupondeka.

Hatukusemezana hata neno siku tatu, ila "angalia ngazi" na "chai hii hapa". Mwambie Yaeko hakukosea kunywa chai yake jikoni. Sebuleni kwenu palikuwa na baridi kuliko Otaru.

Sasa nisome vizuri. Jumatatu asubuhi Kinue alinituma bandani nikachukue majani ya mpunga ya kuwashia moto. Michi miwili ilikuwa imening'inia ukutani, vumbi tupu. Wa Baba na wako. Nikauteremsha wako, sijui kwa nini, labda niutemee mate. Mgongoni mwa kichwa chake, juu, upande ambao haugusi mochi kamwe, mna shimo. Mbao imebonyea kwa duara. Nikauteremsha wa Baba nikaulinganisha. Ukaingia mle shimoni barabara.

Mchi unaoshuka kupiga mkono hauwezi kupata jeraha mgongoni. Huo ulipigwa ukiwa tayari upo chini.

Nikaenda jikoni nikamuuliza Kinue. Usimgombeze, maana ukimgombeza utapambana na mimi. Alikataa mara mbili, kisha akakaa sakafuni akasema. Barua yangu ya Julai yeye ndiye aliyemsomea Baba, ulipokwenda kununua mchele. Yote, kama nilivyotaka. Na Baba akamwambia: "Siku ile majirani walininywesha sake tangu asubuhi. Nilishusha mchi si zamu yangu. Kijana aliona, akaingiza wake juu ya mkono wa dadake akinge. Mchi wangu ukaangukia wake, wake ukaangukia vidole. Bila yeye ungekwenda mkono mzima. Nikamwomba asiseme. Nilimwambia, mtaa ukijua mwenye duka anatwanga amelewa, duka limekufa."

Kinue akamuuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa mbele yake, ameushika mkono wangu. Akasema, "Nilitaka. Nikaongeza mochi."

Kwa hiyo lile neno nililolililia lilikuwepo, na mkeo alipokuambia ulimkataza kuniandikia. Na kama hilo halitoshi, ukanitumia karatasi yenye muhuri! Ulikuwa tayari kunitilia sahihi uongo, ili mzee apate mwaka wake na jina lake libaki safi. Wewe ni mjinga, Tamotsu. Wewe ni mjinga kuliko wajinga wote waliozaliwa kando ya mfereji ule.

Unadhani nakushukuru? Nimekasirika kuliko nilivyokasirika maisha yangu yote. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikipeleka chuki kwenye anwani isiyo yake, nawe unaipokea, unafunga mlango. Nilikuwa na kaka mdogo aliyeingiza mchi wake juu ya mkono wangu, na sikuruhusiwa kumjua. Ulimtunzia Baba duka, ukanilipisha mimi ndugu yangu. Nani alikupa ruhusa? Na yule wa kumkasirikia kwa haki sasa amelala, nimemwashia moto, nimempa mochi. Nitamfokea vipi?

Tena jambo jingine. Pale kaburini, nilipokupa mgongo, nilikuwa nimeshajua yote hayo, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilivuta kwa nguvu zangu zote, ubaki na kipande cha aibu. Ukalegeza. Nilikusikia kwa mgongo wako, umelegeza makusudi ili kikubwa kije kwangu. Kisha tukaondoka bila kugeuka nyuma, kama desturi inavyotaka, na mimi kinywa kimejaa mochi na machozi, siwezi hata kukutukana.

Ile karatasi yako yenye muhuri nimeirudisha humu. Ichane mwenyewe. Mimi sitaki kuwa nayo nyumbani.

Mwezi wa tatu, baridi ikipungua, nakuja na treni, wala sitajifunga kitambaa. Samaki watafutie ndoo. Kinu nikikute kimesuguliwa, mchele umelowekwa tangu usiku wake, na mchi uwe ule ule wenye shimo, sitaki mwingine. Nitageuza mimi, kwa mkono huu huu. Na ole wako upige polepole.

Dadako,
Fumie